Bei ya kwenye simu: maswali matano kabla hujafunga biashara

Msimu wa mavuno ukikaribia, swali ninaloulizwa sana huku Kiteto si la viwavijeshi wala la dumuzi. Ni hili: "Afisa, hii bei ya kwenye simu ni ya kweli?" Anayeuliza huwa ameshika simu mkononi, programu ya bei imefunguka, na kwenye kioo pameandikwa "Mahindi 80,000". Hakuna kingine.

Jibu langu ni kwamba hiyo bado si bei. Ni namba tu. Namba huwa bei pale unapojua ni ya soko gani, ya siku gani, ya kipimo gani, ya zao la namna gani, na nani anamuuzia nani. Vitano hivyo vikikosekana, ulichonacho ni uvumi ulioandikwa kwa maandishi mazuri. Ndiyo maana nasema bila kuficha: programu ya simu inayoonyesha namba tupu inamuumiza mkulima kuliko kutokuwa na programu kabisa, kwa sababu asiye na habari huuliza, lakini mwenye namba mkononi hujiona ameshajua.

Sisemi tuziache simu. Nataka tujue zinavyofanya kazi, tuzitumie kwa akili, na tuwadai wanaozitengeneza watupe bei iliyokamilika. Twende hatua kwa hatua.

Bei inafikaje kwenye simu yako

Watu wengi wanadhani programu "inajua" bei. Haijui kitu. Programu ni kama kijana uliyemtuma dukani. Unapoifungua, inatuma ombi kupitia intaneti kwenda kwenye kompyuta kubwa inayotunza taarifa, ambayo wataalamu huiita seva. Ombi linasema: "Nipe bei za mahindi." Seva inatafuta kwenye daftari lake, inafunga jibu, inalirudisha. Simu inalifungua jibu na kukuonyesha.

Jibu hilo halirudi kama barua yenye maelezo marefu. Linarudi likiwa limepangwa kwa vyumba, kila chumba na jina lake na kilichomo. Ukilitazama kabla programu haijalipamba, linafanana na hivi:

zao: mahindi
soko: Kibaigwa
tarehe: siku, mwezi na mwaka
kipimo: kilo 100
aina ya bei: jumla
bei ya chini: 76,000
bei ya juu: 84,000
sarafu: shilingi

(Namba hizo nimeziweka kwa mfano tu, usiende nazo sokoni.)

Huo ndio unaoitwa mpangilio wa data. Umuhimu wake ni kwamba kompyuta haichanganyi tarehe na bei, kwa sababu kila kitu kina chumba chake. Ni kama daftari la mkopo la mwenye duka: safu ya jina, safu ya bidhaa, safu ya kiasi, safu ya tarehe. Ukifuta safu ya tarehe, daftari bado lina namba, lakini ugomvi utaanza siku ya kudaiana.

Nani anajaza daftari hilo? Ni watu. Kwa mfano, Wizara ya Viwanda na Biashara hutoa jedwali la bei za jumla za mazao makuu ya chakula katika masoko ya mikoa, na jedwali hilo huandika bei ya chini na bei ya juu kwa kilo 100. Lipo pia Baraza la Nafaka la Afrika Mashariki lenye mtandao wake wa taarifa za bei unaoitwa RATIN. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, nalo huweka wazi mafaili ya bei za vyakula za nchi nyingi, ikiwemo Tanzania, na mtu yeyote anaweza kuyapakua bure. Kwenye faili la WFP kuna safu ya tarehe, mkoa, wilaya, soko, bidhaa, kipimo, aina ya bei, sarafu na bei yenyewe. Zipo hata latitudo na longitudo za soko.

Unaona basi? Mara nyingi anayekusanya amefanya kazi yake. Vyumba vimejazwa. Tatizo linaanzia njiani, kati ya daftari na kioo cha simu yako.

Mahali bei inapoharibikia

Kwanza ni kwenye kuonyesha. Kioo cha simu ni kidogo, na mtengenezaji anataka kipendeze. Anaweka picha ya muhindi, anaandika jina la zao na namba kubwa ya kijani. Soko, tarehe na kipimo anaviacha kwa sababu "vinajaza nafasi". Bei ya chini na ya juu anazijumlisha na kugawa kwa mbili ili ipatikane namba moja. Lakini pengo kati ya chini na juu ndiyo habari yenyewe! Linakuambia kuna mahindi makavu na safi yanayolipwa vizuri, na kuna mengine yenye unyevu na pumba yanayolipwa kidogo. Ukipewa wastani, unafichwa ulipo.

Pili ni mtandao unapokatika. Huku kwetu unajua hali ilivyo: ukiwa shambani mnara mmoja unashika, mwingine haushiki. Programu nyingi hutunza jibu la mwisho kwenye kumbukumbu ya simu ili usikute kioo kitupu. Jambo hilo ni zuri kabisa. Ubaya unakuja programu isipokuambia kwamba unachoona ni cha juzi au cha wiki tatu zilizopita. Mahindi ya Mei, kabla ya mavuno, hayana bei ya mahindi ya Agosti magunia yakiwa yamejaa kila ghala. Namba ni ileile, rangi ni ileile, lakini soko limeshahama.

Tatu ni tarehe yenyewe. Hapa hata mwenye macho makali anaweza kupita. Katika mafaili ya WFP niliyoyataja, bei ya mwezi huwekewa tarehe 15 ya mwezi huo. Anayefanya kazi na takwimu anaelewa kwamba ni alama tu ya mwezi. Lakini programu ikiichukua tarehe hiyo ilivyo na kukuandikia "bei ya tarehe 15", utadhani kuna mtu alisimama sokoni siku hiyo na mzani. Bei ya mwezi inafaa kuangalia mwelekeo: je, kila mwaka bei huanza kupanda mwezi gani? Haifai kumjibu mnunuzi aliyesimama mlangoni kwako leo asubuhi.

Nne ni majina. Mafaili mengi yameandikwa kwa Kiingereza, na programu huyageuza kwa Kiswahili. Neno lao moja la mchele linaweza kugeuzwa likawa "mpunga", na wewe mkulima wa mpunga ukashangilia bei ambayo ni ya mchele uliokobolewa. Ulezi na uwele kwao huanza na jina moja la ukoo, wakatofautishwa kwa neno la pili. Mtafsiri asiye mkulima anaweza kuviunganisha vikawa kitu kimoja. Viazi navyo, ni mviringo au vitamu? Na maharage, ni ya njano au mchanganyiko? Muuzaji wa sokoni angekuuliza swali hilo kabla hajakutajia bei. Programu haiulizi.

Tano ni namba zilizosomwa vibaya. Kwenye daftari imeandikwa 80,000 ikiwa na alama ya mkato katikati. Programu isipoandaliwa vizuri inaweza kusoma mpaka kwenye mkato na kuishia hapo, ikaonyesha 80. Au soko halikuleta bei wiki hiyo, chumba kikabaki kitupu, na programu ikaandika sifuri. Sifuri na "hakuna taarifa" ni vitu viwili tofauti kabisa. Ukiona sifuri utacheka. Lakini sifuri hiyo ikiingizwa kwenye wastani wa mkoa, namba itakayotoka haitachekesha, maana itaonekana ya kawaida, ila iko chini kuliko ukweli.

Hesabu ya gunia moja

Sasa tuone hasara inavyoingia mfukoni. Tuchukue mfano, namba za kufanyia hesabu tu.

Simu yako inaonyesha "Mahindi 80,000". Mnunuzi anakuja nyumbani na kusema: "Mama, hata simu inasema themanini. Mimi nakupa sabini hapa hapa, usafiri juu yangu, gunia juu yangu." Unapiga hesabu haraka: kukodi Fuso pamoja na wenzangu, kupakia na kushusha, gunia tupu, ushuru wa halmashauri, jumla labda 13,000 kwa kila kilo 100. 80,000 kutoa 13,000 ni 67,000. Yeye anatoa 70,000. Nimepata! Mnapeana mikono.

Lakini simu ilikuwa inasema bei ya kilo 100, na chumba cha kipimo kilikuwepo kwenye daftari, ila hakikuonyeshwa. Gunia ulilojaza ni la debe saba, limeshonewa kilemba juu. Debe moja la mahindi huwa kati ya kilo 18 na 20 hivi, kutegemea ukavu na ujazaji. Tuchukue 18: debe saba ni kilo 126. Ukigawa 70,000 kwa 126, umeuza kilo moja kwa shilingi 555. Kumbe ukitoa gharama zote, kilo yako ilistahili shilingi 670. Gunia hilo la kilo 126 lilistahili 84,420. Umepoteza 14,420 kwenye gunia moja. Kwenye magunia kumi ni 144,200. Hiyo ni ada, ni mbolea, ni bima ya afya ya familia.

Angalia kilichotokea. Mnunuzi hakudanganya kuhusu namba ya simu. Simu nayo haikudanganya kuhusu Kibaigwa. Kilichokuponza ni neno moja lililokosekana: "kilo".

Lumbesa hairuhusiwi, Wakala wa Vipimo, WMA, wanasimamia kwamba mazao ya shambani yasifungashwe kuzidi kilo 100 kwa gunia. Lakini programu inayoandika "gunia" badala ya "kilo 100" inairudisha lumbesa kwa mlango wa nyuma, na safari hii imevaa nguo za kisasa.

Nawe mfanyabiashara, hesabu hii inakulinda pia. Ukimpa mkulima shilingi 650 kwa kilo, kwa mzani, huku simu ikisema 80,000, wapo watakaokuita mlanguzi. Kumbe ukitoa gharama zako, umebaki na shilingi 20 kwa kilo, na bado hujahesabu yatakayopungua njiani. Namba tupu inamgombanisha mkulima mjinga wa kipimo na mfanyabiashara mwaminifu, na anayenufaika ni yule wa tatu asiyetaka mzani uonekane.

Maswali matano

Kabla hujasema "nimeuza" au hujakodi gari, iulize simu yako maswali haya. Yaandike nyuma ya daftari lako:

1. Soko gani? Bei ya Dar es Salaam, Arusha na Kibaigwa si moja. Ukiona "bei ya Tanzania" au "bei ya mkoa", hiyo ni wastani. Hakuna mahali duniani unapoweza kwenda kuuza kwenye wastani.

2. Tarehe gani? Angalia bei ilichukuliwa sokoni lini, siyo programu ilifunguliwa lini. Programu nyingine huandika tarehe ya leo kwa sababu tu imefunguliwa leo. Kama bei ina zaidi ya wiki moja wakati wa mavuno, ichukue kama historia.

3. Kipimo gani? Kilo 1, kilo 100, debe, gunia, ndoo, sado? Igeuze iwe kilo moja kila mara. Kilo haina kilemba.

4. Zao la namna gani? Mpunga au mchele? Mahindi makavu au mabichi? Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ya nafaka kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Kama yako yana 17, bei ya juu kwenye simu si yako bado. Yaanike kwanza.

5. Nani anamuuzia nani? Bei ya shambani, bei ya jumla sokoni, au bei ya rejareja dukani? Ya rejareja huwa juu kwa sababu ndani yake kuna kodi ya pango, usafiri na faida ya watu wawili watatu. Ukiidai shambani utabaki na mahindi yako.

Programu ikijibu yote matano, itumie kwa moyo mmoja. Ikijibu matatu, piga simu sokoni ukamilishe mawili. Ikijibu sifuri, ifute, upate nafasi ya kuweka picha za watoto.

"Si afadhali kidogo kuliko kukosa?"

Hoja hii naisikia kutoka kwa vijana wanaotengeneza programu, na si hoja ya kubeza. Wanasema mkulima alikuwa gizani, sasa angalau ana pa kuanzia.

Nawajibu kwa mambo mawili yaliyofanyiwa utafiti nchini India. Mwaka 2007 mchumi Robert Jensen alichapisha utafiti wake kuhusu wavuvi wa sadini wa Kerala. Simu za mkononi zilipofika pwani ile, wavuvi walianza kupiga simu wakiwa bado majini na kuuliza bandari ipi ina wanunuzi. Samaki waliokuwa wakitupwa kwa kukosa mnunuzi wakaisha, bei za masoko jirani zikakaribiana, faida ya wavuvi ikapanda, na walaji nao wakapata samaki kwa bei nafuu kidogo. Kila mtu alifaidika.

Kisha mwaka 2012 Marcel Fafchamps na Bart Minten wakachapisha utafiti wao kutoka jimbo la Maharashtra, ambako wakulima walipewa huduma ya kutumiwa bei za mazao kwa ujumbe mfupi. Kwa wastani, hawakuona tofauti ya maana katika bei waliyopata wakulima wale.

Nchi moja, simu zilezile, matokeo mbalimbali. Mimi nasoma hivi: mvuvi wa Kerala aliuliza swali lake mwenyewe, kwa soko lake, kwa saa ileile, kuhusu samaki aliokuwa nao chomboni, na chombo chake kiliweza kugeuza uelekeo. Yaani vyumba vyote vitano vilijazwa papo hapo, na alikuwa na uwezo wa kutenda. Namba inayokuja yenyewe, ya jumla, na kukukuta huna gari wala mzani, haibadilishi kitu.

Kwa hiyo kidogo si afadhali kila mara. Kidogo kilichokamilika ndiyo afadhali. Heri bei ya soko moja yenye tarehe na kipimo kuliko bei za masoko ishirini zilizo uchi.

Wengine wanasema mkulima hatasoma maelezo mengi. Hapo nakataa kabisa. Mkulima huyuhuyu anasoma tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye chupa ya dawa. Anaangalia lebo ya TOSCI kwenye mfuko wa mbegu. Anajua tofauti ya vipimo vya mbolea ya kupandia na ya kukuzia. Maneno manne chini ya bei hayatamshinda.

Ninachowadai watengenezaji

Kama unamfahamu kijana anayetengeneza programu za simu, msomee sehemu hii.

Usionyeshe namba bila soko, tarehe na kipimo kwenye mstari uleule. Siyo kwenye ukurasa mwingine, siyo baada ya kubonyeza mara tatu.

Mtandao ukikosekana, onyesha bei ya mwisho uliyonayo, lakini andika wazi: "Bei hii ni ya siku 9 zilizopita, simu haijapata mtandao." Na ikipita muda mrefu, ifute kabisa. Kioo kitupu kinasema ukweli kuliko bei iliyooza.

Chumba kikiwa kitupu, andika "hakuna taarifa". Usiandike sifuri, wala usijaze kwa bei ya soko la jirani.

Onyesha bei ya chini na ya juu, zote mbili. Na ziandike kwa kilo moja pia, ili mwenye debe na mwenye gunia waelewane.

Pelekea simu kile tu mkulima alichochagua. Bei ya mazao matatu kwa masoko mawili ni maneno machache mno, hayali bando hata kidogo. Kinachokula bando ni picha na matangazo. Mtu wa huku anaweka bando la siku moja. Usilimalize kwa picha ya trekta asiyokuwa nayo.

Majina ya mazao yapitiwe na mkulima au afisa ugani kabla hayajatoka. Saa moja inatosha kutenganisha mpunga na mchele.

Na mkumbuke wenye kitochi. Wengi bado hawana simu janja. Menyu za kubonyeza namba, kama zile za huduma za serikali kupitia *152*00#, zinafanya kazi bila intaneti kwenye simu ya mkulima. Bei ileile, iliyopangwa vizuri kwenye seva, inaweza kutoka kwenye kioo kikubwa na kwenye kitochi pia. Data ikipangwa vizuri mara moja, hutumika mara nyingi.

Sisi kijijini tufanye nini

Tusikae tukisubiri. Yapo mambo tunayoweza kuanza wiki hii.

Kila kijiji kiwe na ubao wa bei, kwenye ofisi ya kijiji au kwenye ghala la chama cha ushirika. Si lazima uwe wa gharama. Kipande cha mbao kilichopakwa rangi nyeusi na chaki kinatosha. Chora safu tano: soko, tarehe, kipimo, zao, aina ya bei. Kisha bei ya chini na ya juu. Mtu mmoja achaguliwe kuujaza siku za mnada na siku moja katikati ya wiki. Asiyejua bei aache wazi.

Tafuteni mtu mmoja anayeaminika kwenye soko mnalouzia, mnayeweza kumpigia. Bei ya simu ikisema hivi na yeye akisema vile, mwaminini aliye sokoni, halafu muulize tofauti imetoka wapi. Mara nyingi mtakuta ni tarehe au kipimo.

Nunueni mzani kwa kuchanga, uliohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Hakuna programu ya simu itakayokusaidia kama gunia lako halijapimwa. Bei kwa kilo na mzani ni jembe na mpini. Kimoja peke yake hakilimi.

Na kama zao lenu linauzwa kwa stakabadhi ghalani, bei ya mnada hutangazwa mbele ya wakulima. Iandikeni kwenye ubao huohuo, na tarehe yake, ili mwakani mwe na historia yenu wenyewe. Baada ya miaka mitatu ubao huo, ukinakiliwa kwenye daftari, utakuwa na thamani kuliko programu yoyote, kwa sababu unahusu soko lenu, zao lenu na barabara yenu.

Nawe mfanyabiashara, usiuogope ubao huu. Mwenye duka mwenye mzani wazi na bei iliyoandikwa huletewa mahindi hadi mlangoni, hana haja ya kuzunguka kwa bodaboda kutafuta. Mkulima aliyepunjwa mara moja humwambia kila mtu kisimani.

Msimamo wangu ni huo. Simu ni chombo kizuri, na data iliyopangwa vizuri ni mali kama ilivyo mbegu bora. Lakini hatukubali kupewa mbegu bila lebo, basi tusikubali kupewa bei bila soko, tarehe, kipimo, zao na aina yake. Jioni ya leo fungua programu yako ya bei, hesabu maswali mangapi inajibu, kisha mwonyeshe jirani yako kabla mnunuzi hajafika.

Kazi njema, na mvua zikija zikute tumeshaandaa mashamba.